Mdai wa Saba

Mimi si mtu wa kunong'ona. Nimekodisha mahema na viti vya matanga Kisumu hii kwa miaka tisa, na kazi hiyo ni ya kupiga kelele: shika kamba, wewe, inua huo mlingoti, kwani umelala? Lakini siku ile, ndani ya saiba ya Zamzam, duka lake la kompyuta pale Manyatta, nilinong'ona mpaka koo likauma.

Ilikuwa siku ya mwisho ya watu kupeleka ritani za kodi. Niliichagua makusudi, nikidhani katika msongamano ule hakuna atakayejali fomu ya mwenzake. Ujinga gani huo! Foleni ilianzia mlangoni ikaishia mgongoni mwangu, na kila aliyesimama hakuwa na la kufanya ila kusoma kompyuta niliyoketi mbele yake.

"Baba Nangila," Zamzam akaita, na huyo mama sauti yake inafika barabarani. "Hapa imeandikwa ombi la kutangazwa mufilisi. Ndiyo hii ama nimekosea?"

"Ndiyo hiyo. Shusha sauti, mama."

"Si nauliza tu."

Nyuma yangu mtu akakohoa. "Pole sana, mzee," akasema. Haki, ningemzaba kofi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Wakili ndiye angenijazia mambo haya ofisini kwake, mlango umefungwa. Alitaka elfu sabini. Nikamwambia ningekuwa na elfu sabini nisingekuwa mufilisi, akacheka, akanielekeza kwa saiba. Na usifikiri pesa nilizokopa nilizinywa. Huku kwetu mtu akifiwa anakuja anasema, "leta mahema, tutalipa baada ya mazishi." Utamwambiaje mfiwa alipe kwanza? Na baada ya mazishi utamwendeaje, macho bado mekundu? Mimi nilimeza mate nikangoja. Nimengoja familia thelathini na moja. Wakati huo mahema yenyewe nilikuwa nimeyanunua kwa mkopo, na benki haijui kungoja.

Basi tukaandika wadai. Benki. App mbili za mkopo. Sabir aliyeniuzia viti. Mwenye stoo ya Migosi. Wakhungu wa jenereta. Hao sita nilikuwa na karatasi zao, jina, simu, namba ya kitambulisho, kila kitu ambacho fomu inataka.

"Wa saba?" Zamzam akauliza.

"Hakuna."

"Hata jamaa? Watu huficha jamaa."

"Nimesema hakuna! Kwani wewe ni polisi?"

Akaniangalia juu ya miwani yake, wala hakukasirika. Akashusha ukurasa hadi mwisho, pale penye kisanduku cha kutiki na nafasi ya sahihi. Alinisomea polepole: naapa kwamba sijaficha mdai yeyote. "Na ujue," akasema, "mahema yako yakiuzwa, wanagawiwa walio kwa orodha. Asiyeandikwa hapati hata kamba. Nimeona ikitokea."

Hapo ndipo nilipokwama. Wa saba alikuwepo. Alikuwa mama mkwe wangu.

Elsie, mke wangu, ni wa Awasi, na alikuwa amenikanya mapema: kopa dunia nzima, Baba Nangila, lakini kwa mama yangu usiguse. Sikugusa. Mama mwenyewe ndiye aliyesikia hali yangu. Akauza ng'ombe wake wawili pale sokoni Awasi, akanipa laki moja na elfu themanini kwenye mfuko wa unga, akiwa amegeuza uso pembeni kama inavyotakiwa kati ya mama mkwe na mkwewe. Sili mbele yake, hali mbele yangu, hatupeani mikono. Na mimi, mwanamume mzima, nilipokea mfuko nikasema asante. Akasema kitu kimoja tu: Elsie asijue.

Nikimwandika, korti itamtumia barua, na Elsie atajua. Nisipomwandika, nimemwibia mama wa watu ng'ombe wawili, tena kwa kiapo.

Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya cha kompyuta, tayari kutiki. Nikakiondoa.

"Rudi juu," nikamwambia Zamzam. "Yupo wa saba."

"Jina?"

Ai! Sikulijua. Miaka kumi na minne ya ndoa, na jina la mama mkwe halijawahi kunitoka mdomoni. Ni Mama, basi. Hata kwenye simu yangu ni Mama Awasi. Nyuma yangu mtu alicheka kidogo, akajifanya anapiga chafya.

Nikampigia. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikamwomba jina lake kamili na namba ya kitambulisho.

"Ni za kitu gani, Baba Nangila?"

"Ni za zile ng'ombe, Mama. Nataka uandikwe ulipwe."

"Mimi sikukudai," akasema. "Lakini kama ni lazima, sawa. Shida ni macho, hizo namba ni ndogo sana. Ngoja." Nikamsikia akigeuka. "Elsie! Kuja umsomee bwanako hii kitambulisho."

Nilitaka kukata simu. Mkono ulikataa.

"Baba Nangila?" Ilikuwa sauti ya mke wangu. "Si ulisema uko Nyalenda kwa matanga?"

"Na wewe si ulisema unaenda Kibuye sokoni?"

"Nilikuja kuomba mama mahindi. Unga iliisha juzi. Sikutaka kukuambia." Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa kumaliza kazi aliyopewa, akasoma: "Turphosa Aoko Ogweno." Akasoma na namba, tarakimu moja moja, nami nikazirudia, Zamzam akaandika. "Haya. Sasa ni za nini?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni. Lakini foleni nzima ilikuwa inasikiliza, na nilichoka, bwana. Nilichoka.

"Ni za korti, Elsie. Nimefilisika. Ninajiandikisha leo. Mama yako ananidai laki moja na elfu themanini, za ng'ombe wake."

Nilisikia kuku wa Awasi wakilia kwenye simu. Halafu akasema, "Mama aliniambia walikufa na ugonjwa. Nililia naye."

"Nisamehe."

"Umeandika watu wangapi?"

"Saba, ukimhesabu Mama."

"Mimi ni wa ngapi?"

"Wewe?"

"Cherehani zangu mbili, Mathews."

Elsie haniiti Mathews. Tangu Nangila azaliwe hajaniita hivyo. Cherehani zake niliziuza Januari, nikamwambia nitamnunulia nyingine kabla ya Pasaka. Pasaka ikaja ikapita, akaanza kushona sare za watoto wa watu kwa mkono, usiku, kidole kimefungwa kitambaa. Nimemwona kila siku akishona hivyo. Na haki ya Mungu, haikunijia hata mara moja kwamba hilo ni deni.

"Lakini wewe ni mke wangu," nikasema.

"Sabir wa viti ni mke wako? Na umemwandika."

Hakuna mtu aliyecheka tena nyuma yangu. Zamzam, aliyekuwa amemsikia Elsie kwenye simu, pamoja na sauti yake yote ile, aliinama akaninong'oneza sikioni kama aongeze mstari wa nane. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Niko tayari, Elsie," nikamwambia.

Akanitajia jina lake, lote, mpaka la baba yake. Kisha akaanza namba, polepole, akisimama kila baada ya tarakimu mbili, kama mtu anayemsomea karani asiyemjua.