Daftari Chini ya Nguzo ya Elentey

Jirani yetu Marhva anaapa kwamba siku aliyorudi baba mkubwa Elentey, alipitia makaburini kwanza, akasimama mbele ya nguzo ya kaburi lake mwenyewe, akaipapasa, akacheka. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba alipofika uani kwetu, Marhva alipiga kelele: "Jamani, marehemu anaomba maji!"

Askari wa serikali walimchukua mwaka 1937, wakampeleka kambi ya wafungwa, kwa ajili ya mashairi yake ya Kichuvashi, lugha yetu. Mwaka wa sita tangu achukuliwe mkewe, Sarpike, akamwota anaomba chakula. Kwetu anayeomba chakula ndotoni ameshakufa. Basi tukapika pombe ya shayiri, tukamwimbia, tukamsimamishia nguzo ya mwaloni, na chini yake tukamzikia vitu vyake: kofia, kijiko na daftari la mashairi. Nakala nyingine zote zilishachomwa. Nilikuwa na miaka tisa. Aliyeliweka daftari shimoni ni mimi.

Sarpike alikufa bila kujua kosa lake. Na mtu akishaagwa vile, hata akirudi haitwi tena mezani. Wazee wanampita kama hawamwoni. Ni Marhva tu anayemsemesha, tena kutoka ng'ambo ya ua:

"Marehemu, hujalala tu?"

"Nakusubiri wewe, bibi harusi."

Kwangu hatanii.

"Ilempi, mwanangu, miaka kumi na minane nimekaa na watu wasiojua neno la kwetu hata moja. Mashairi yamenitoka. Nakumbuka mstari wa kwanza wa kila moja, basi. Ningechimba mwenyewe, lakini vidole ndivyo hivi, vimeliwa na baridi. Nichimbie."

"Baba mkubwa, nimwibie marehemu?"

"Si ndiye mwenyewe anayekuomba!"

Jumanne nikipeleka ng'ombe malishoni nilichukua koleo. Kofia ilikuwa imeoza. Kijiko kizima. Daftari lilikuwa kama unga uliokandwa, jeusi. Nikalifunua kwa ncha ya sindano, ukurasa mmoja mmoja. Hakuna herufi hata moja. Nikalirudisha, nikafukia, nikaikanyaga ardhi mpaka ikakaa kama zamani.

Sijamwambia.

Leo ameazima penseli kwa mwalimu. Ameichonga kwa kisu, ameishikilia kwa meno. Amekaa ananitazama nikimenya viazi.

"Nenda leo, mwanangu, kabla ardhi haijaganda. Utaenda?"

Nikachukua kiazi kingine.