Kikombe cha Buluu cha Nerida

Katika ofisi moja pale mjini Hobart, kila mtu hutakiwa kuosha kikombe chake. Nerida Pascoe aliosha chake cha buluu, alichoachiwa na marehemu mama yake, akakitundika msumarini. Mwenzake Dougal aliacha chake kwenye sinki, kwani mfagizi huja jioni.

Programu alizoandika Dougal zilikuwa na tabia hiyohiyo. Ile ya ratiba ya feri iliiomba kompyuta kumbukumbu, yaani nafasi ya kufanyia kazi, kipande baada ya kipande, na haikurudisha hata kimoja. Nerida alipomwambia kuwa cha kuazima hurudishwa, Dougal akamtegea kitendawili.

"Nimeazima vyombo vya mtaa mzima, sijarudisha hata kijiko, wala hakuna anidaiye."

"Umekufa," akasema Nerida.

"Ndiyo hivyo, dada. Programu ikimaliza kazi inakufa, kompyuta inazoa vyake vyote. Nyumba inayobomolewa unaipigia deki ya nini?"

Na kweli, programu ile ilifanya kazi asubuhi kidogo tu, ikafa, hakuna aliyeumia. Mpaka bosi wao, Gwenda, alipotaka abiria waone feri zinazochelewa, akaamuru programu ikae macho wiki nzima ya kazi bila kuzimwa.

Jumatatu, kila kipande cha kumbukumbu kisichorudishwa kikatokea jikoni kama kikombe cheupe, chenye uvuguvugu bado. Nerida alipoosha kimoja, vilikuja viwili. Jumatano vilikuwa vimefika kwenye ngazi, na watu wakavipita kiubavuubavu kwenda kwenye meza zao. Msumari wa Nerida ulikuwa umefukiwa, na kikombe cha mama kimo humo ndani.

Akamsihi Dougal arudishe alivyoazima. Dougal akasema Ijumaa wataizima, vitaondoka vyenyewe. Nerida akaenda kwa Gwenda. Gwenda alikuwa akipanga vikombe dirishani ili mlango ufunguke. Akasema programu inayofanya kazi haiguswi.

Ijumaa wakaizima. Vikombe vyote vikatoweka papo hapo, na cha buluu pamoja navyo, maana mzoaji hachambui.

"Pole, dada," Dougal akasema. "Lakini jiko si unaliona lilivyo safi?"

Gwenda naye akaliona, akaagiza iwe hivyo kila Ijumaa.

Jumatatu vikombe vikaanza upya. Nerida akachukua kimojawapo, akanywa chai, akakiacha kwenye sinki bila kukiosha.