Pindo la Kushoto

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kabla ya chai, baba aliivuta mizani kutoka chini ya kochi, akaifuta vumbi kwa soksi isiyo na mwenzake, akaiweka katikati ya sebule pale ambapo sakafu haijainama. Halafu akaenda kuchukua jiwe. Lilikuwa jiwe la chuma la kilo ishirini kamili, lenye mkono wa kubebea, na siku nyingine zote lilikaa nyuma ya mlango kuuzuia usibamizwe na upepo. Akalipandisha juu ya mizani. Mizani ikasoma ishirini. Akaliondoa, akalirudisha. Ishirini tena.

"Mizani iko sawa," akatangaza, ingawa hakuna aliyebisha. "Panda, Tani."

Baba alikuwa na mwaka wa kumi na tisa kwenye kituo cha kupimia malori. Katika miaka hiyo madereva walimwapia kwa mama zao wazazi kwamba hawajazidisha mzigo, na mizani ikawaumbua mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo nyumbani pia alikuwa na tabia ya kusikiliza kwa macho. Binti yake, sasa wa miaka kumi na minne, baba mwenyewe ndiye aliyempachika jina la Tani alipokuwa bado anatambaa, kwa mapenzi kabisa, na jina likaganda. Kaka mtu, aliyemzidi miaka miwili, aliitwa Njiti. Huyo alimaliza mkate mzima akiwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyewahi kumpandisha juu ya chochote.

Tani alipanda akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama, kuna fomu ya..."

"Weka hiyo karatasi chini kwanza, inaongeza," baba akasema.

Akaiweka. Mizani ikasoma sabini na moja na nusu.

"Kilo na robo juu," baba akasema. "Wiki nzima ya kabichi."

Mama aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na cherehani yake ilikaa hapo hapo sebuleni karibu na dirisha, kwa hiyo mambo yote ya nyumba hiyo yalipita mbele yake akiwa na pini mdomoni. Wasiwasi wake haukuwa wa kujitakia. Dada yake alianza hivi hivi na mwili, ikaja sukari, na sasa alikuwa anavaa kiatu kimoja chenye pamba mahali pa kidole gumba. Mama aliapa mtoto wake hatafika huko. Ndiyo maana kukawa na kabichi ya kuchemsha, yai moja, chai isiyo na sukari, na kila jioni Tani kukimbia mpaka kwenye tangi la maji na kurudi mara tatu huku yeye akimhesabia dirishani.

"Umekula nini huko nje?" mama akauliza.

"Sijakula ki..."

"Tani, usinitanie. Kilo na robo haiokotwi njiani."

"Labda anakula upepo," Njiti akasema, ana jemu kwenye kidevu. "Si unaona matairi?"

Tani akafungua mdomo, akaufunga, akameza. Mama aliliona koo likishuka na kupanda. Akadhani ni mate.

Siku hiyo hiyo mama alitia kufuli kwenye kabati la chakula, ufunguo akaufunga kwenye kamba ileile ya tepu yake ya kupimia. Jemu iliendelea kuisha. Jumamosi iliyofuata jiwe likapanda likashuka, Tani akapanda, na mizani ikasoma sabini na mbili na nusu. Baba akachuchumaa, akaikagua mizani chini kwa chini kama anavyokagua ekseli ya lori, asione kosa. Ikabidi mtoto apelekwe zahanati.

Kwenye foleni mama mmoja mwenye mtoto mchanga alisogea akasema, "Kaa hapa, mama, wewe unahitaji nafasi mbili," akacheka vizuri tu, bila ubaya. Tani akacheka pia, kisha akameza.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alimlaza Tani kitandani, akamwekea kile kipimo cha kusikilizia moyo, kwanza kifuani, halafu tumboni, na hapo tumboni akatulia kama mtu aliyekuta taarifa ya habari imeshaanza.

"Anakula nini?" akauliza.

"Kabichi," mama akasema. "Na yai. Kabati nimelifunga, ufunguo huu hapa."

"Huyu hali, mama. Huyu anameza."

"Anameza nini?"

"Maneno. Yamepangana mpaka hapa." Nesi akaonyesha chini ya mbavu. "Hili la juu ni la leo, la kwenye foleni. Mtoto anaambiwa kitu, anataka kujibu, hapewi nafasi, anameza. Lililomezwa ni zito kuliko mkate. Ni wa tatu wiki hii. Wa jana alikuwa katibu wa mkutano, tulimpandisha kitandani watu wanne."

Akavua kipimo, akamvisha mama masikioni. Mama alisikia tumbo kwanza, maji maji na upepo, kama tumbo la mtu yeyote. Kisha akasikia sauti ya binti yake, nyingi kwa pamoja, kama mlango wa darasa ukifunguliwa. *Sio mimi niliyemaliza jemu. Nafasi moja inanitosha. Baba, sipendi.* Na chini kabisa, nyuma ya zote, moja nzito iliyokuwa inarudia rudia: *Mama, kuna fomu. Mama, kuna fomu.*

"Ya chini ndiyo ya zamani," nesi akasema akikichukua kipimo chake. "Yanatoka kwa foleni, la juu kwanza. Usiyaharakishe."

Akaandika kwenye kadi, akasoma kwa sauti ili asirudiwe swali. Nyumba nzima ile chakula kimoja, mboga na matunda kwa wote, soda isiingie mlangoni. Nyumba nzima itembee jioni, na mtoto aachiwe achague mchezo anaoupenda mwenyewe. Kila siku, dakika kumi, mtoto aseme na wengine wanyamaze. Mizani irudi chini ya kochi ikae huko huko.

"Huyo nesi ana uzoefu gani na mizani?" baba akauliza jioni. Hilo ndilo swali pekee aliloliuliza.

Mama alijitahidi, tusimsingizie. Jumatatu nyumba nzima ilikula mboga za majani na tikiti maji, na nyumba nzima ikatembea mpaka kwenye tangi. Jumanne baba alikumbuka kwamba ana goti. Njiti akasema yeye haumwi, kwa nini apewe dozi ya mtu mwingine, na mama akaona ana hoja. Kufikia Jumatano kabichi ilikuwa imerudi kwenye sahani moja, na anayetembea alikuwa mmoja.

Zile dakika kumi walizijaribu mezani. Waliweka simu kifudifudi, wakamtazama. Tani akatazama sahani yake.

"Nafasi moja inanitosha," akasema.

Kitu kikaanguka kwenye sahani, *ting*. Kilikuwa na ukubwa wa harage na rangi ya risasi. Njiti akakigusa kwa uma.

"Sio mimi niliyemaliza jemu."

*Ting.*

"Ee," Njiti akasema, akaacha uma.

Baba alikuwa ameshainuka. Akaleta mizani mbiombio, akasahau hata jiwe. "Panda. Panda hapo hapo, sema ukiwa juu."

Tani akapanda. Alimtazama baba yake usoni, kwa kuwa neno lililofuata lilikuwa lake.

"Baba, sipendi kuitwa Tani."

Baba alikuwa anatazama namba. "Gramu mia nne!" akasema. "Mia nne kwa mpigo mmoja! Endelea, Tani, endelea!"

Tani akasema chakula kimemtosha.

Baada ya hapo zile dakika kumi zilianza kugongana na mambo. Jumatano ilikuwa na taarifa ya habari. Alhamisi mteja alikuja kuchukua vipimo vya madirisha sita. Baba ndiye aliyepata ufumbuzi, na aliueleza kwa sauti ya mtu wa kazini. "Cha msingi si yatoke? Kwani sisi lazima tuwepo? Mzigo ukishushwa, umeshushwa." Basi wakaweka beseni la bati bafuni. Kila jioni Tani aliingia, akafunga mlango, akayasemea humo. Kutoka sebuleni yalisikika kama mtu anachambua mchele. Baba aliongeza sauti ya televisheni kidogo, si kwa ubaya.

Uzito ulishuka. Sabini, sitini na tisa, sitini na saba na robo. Baba alibandika karatasi ukutani na mstari unaoteremka. Mama aliyamwaga ya kwanza kwenye kopo, kisha siku moja akachukua moja akalipima kwenye kiganja. Pazia lisipowekewa kitu kizito ndani ya pindo huwa linapepea ovyo, na vipande vya chuma alivyokuwa ananunua vilipata kutu na kuchafua kitambaa. Haya yalikuwa madogo, mazito, safi. Akashonea mawili kila kona. Pazia likateremka wima kama limenyooshewa rula.

Wateja wakasifu. Waliongezeka, wakaleta na dada zao. Mmoja tu ndiye aliyerudi na jambo: akiwasha feni, pazia la chumbani linasema *sipendi kuitwa Tani*.

"Nikubadilishie?" mama akauliza.

"Ya nini? Mume wangu yuko safarini. Naona kama kuna mtu ndani."

Mama alikumbuka fomu. Alikumbuka mara nyingi, hasa pini zikiwa mdomoni. Jioni moja alizitema kabisa na kusema, "Tani, hivi ulikuwa unataka kuniambia nini kuhusu fomu?"

Tani akageuka haraka sana. "Mama, ni ya..."

"Ngoja, kwanza nishikie hapa. Shika kwa mikono miwili, usivute." Lilikuwa pazia la mita nne. Walipofika mwisho wake, umeme ukakatika, na baba akarudi na habari za lori lililopinduka.

La chini kabisa lilitoka Jumamosi asubuhi, peke yake. Mlio wake ulikuwa tofauti. Beseni lilipigwa kama mtu ameliangushia kufuli. Tani alitoka bafuni na uso mkavu, akaenda kukaa ngazini. Mama akaingia. Lilikuwa na ukubwa wa yai, bado lina vuguvugu, na akalishika kwa pindo la gauni. Akaliweka sikioni.

*Mama, kuna fomu ya timu ya mpira wa mikono. Mwalimu wa michezo amenichagua golini, anasema ninaziba goli lote na mimi ndiye wa kwanza kuona mpira. Inataka sahihi ya mzazi. Mwisho Ijumaa.*

Mama alikwenda kwenye begi la shule. Fomu ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika. Ijumaa iliyoandikwa pale ilikuwa imepita zaidi ya mwezi. Alikaa kwenye cherehani na mguu juu ya pedali bila kuikanyaga, sindano ya mkono ikimalizia pindo la pazia lililokuwa mapajani. Kisha akatoka mpaka ngazini, fomu mkononi.

"Mwanangu," akasema, na alikuwa na uchungu wa kweli, "sasa mbona hukusema?"

Tani akamtazama. Akafungua mdomo, na safari hii hakuna aliyemkatiza: mama alinyamaza, pedali ilinyamaza, televisheni ilikuwa imezimwa. Ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Hodi wenyewe!" shangazi akaingia getini na mkoba kwapani. Alikuwa dada yake baba, na alikuja kuchukua pazia lake la sebuleni. Akamshika Tani mabega, akamzungusha. "Jamani, wifi! Mmemfanya nini huyu mtoto? Mashavu yako wapi? Tani gani hii, hii si hata debe! Unaumwa, shangazi?"

"Shikamoo shangazi," Tani akasema.

Kisha akameza. Mama alisimama karibu mno safari hii, na alilisikia likishuka lote, hatua kwa hatua, mpaka chini kabisa, likakaa pale pale pa zamani.

Ndani, baba alikuwa ameshaleta jiwe. Mizani ikasoma ishirini. Tani akapanda bila kuitwa. Baba akasoma, akavua miwani, akasoma tena. "Kilo nzima juu tangu jana," akasema. "Nani kampa mkate?"

Shangazi hakusikia. Alikuwa amelitundika pazia lake kwenye fimbo ya kujaribishia, amerudi nyuma hatua tatu, ameinamisha kichwa. Mama alikuwa ameshalishonea lile kubwa la fomu kwenye kona ya kulia, kwa mishono miwili miwili lisidondoke. Kitambaa kilikuwa kizuri, lakini kilivutika upande mmoja, na ukikisogelea kilikuwa kinazungumza juu ya goli.

"Wifi, hili mbona limelalia kulia?"

Mama alimtazama binti yake juu ya mizani, akamkadiria kwa jicho la kazi, toka mbavuni kwenda chini.

"Niachie mpaka Jumamosi," akasema. "La kushoto bado halijatoka."