Udongo Uliochekechwa

Baba mkwe alifika kwenye maabara ya udongo asubuhi, amevaa koti lake la harusi za watu, mkononi kashika mfuko uliofungwa kwa utepe. Alisimama mlangoni akipangusa viatu, akaendelea kupangusa hata vilipokuwa safi. Si bure majirani walimwita Mzee Nadhifu.

"Hodi, mwanangu. Nimekuletea udongo wa shamba. Usihangaike kuja na jua hili."

Mpimaji wa udongo, mke wa mwanawe, aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Kituo chao kilikuwa kinaanza kujaribu mbegu mpya ya mahindi, iliyotarajiwa kustahimili ukame, na shamba la mkwe wake lilikuwa mojawapo ya yaliyochaguliwa. Kazi yake ilikuwa kwenda mwenyewe na koleo na ndoo, apite shambani akikata kona huku na huku, achimbe pazuri na pabaya, achanganye, ndipo achukue udongo wa kupima. Yeye ndiye aliyewafundisha wasaidizi wapya. "Udongo wa mahali pamoja ni umbea," aliwaambia. "Kaulizeni shamba zima."

Alifungua mfuko. Udongo ulikuwa mweusi, laini kama unga, bila kokoto wala mzizi, na ulinukia samadi ya zamani. Naye alilijua shamba lile, alilipita kila alipokwenda kuwasalimu wazee. Lilikuwa jekundu, na kwenye mteremko gumu kama sakafu.

"Umechota wapi, Baba?"

"Kwangu. Wapi tena?" Mzee alicheka kidogo. "Mama yenu kaninunia. Nimechukua chekeche lake la unga."

"Umeuchekecha?"

"Ulitaka nikuletee mawe mbele ya wenzako? Mgeni hakaribishwi kwa kiti kibovu."

Mpimaji alifungua mdomo aseme, nitakuja kuchimba mwenyewe. Akaiona kola ya koti ilivyolowa jasho. Alipoanza masomo ya jioni, mama mzima mwenye watoto, watu wa ukoo walimwita Bibi Mwanafunzi na kumuuliza kama shuleni anabebwa mgongoni. Mzee huyu ndiye aliyekuja jioni kukaa na wajukuu, akawapikia uji ukaungua, akawaambia waliocheka, "Mwacheni asome. Aliyechelewa kuondoka naye hufika." Leo amwambie mtu huyo kwamba hauamini udongo wake? Aliufunga mfuko tena kwa utepe ule ule.

"Ahsante, Baba," alisema.

Mkuu wa utafiti, mama mrefu aliyependa mzaha mpaka pale kazi inapoharibika, alipoyaona majibu ya vipimo alipiga kofi mezani. "Huyu mkweo analima keki? Ulichimba mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Kwa hiyo mashamba mengine yalipewa chokaa ya kupunguza tindikali na mbolea ya fosforasi kabla ya kupandwa. La mzee halikupewa hata kimoja, kwa kuwa lilionekana limeshiba.

Mahindi yaliota vizuri, kisha yakasimama. Majani yakaanza kuwa ya zambarau pembezoni. Mpimaji aliyaona kutoka barabarani na hakuhitaji kushuka. Mizizi ilikuwa na njaa ya fosforasi, na mizizi yenye njaa haina nguvu ya kuyafuata maji chini jua linapozidi. Jua likazidi.

Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda kama alivyozoea. Aliomba mvua, tena kwa machozi. Kila alipofika kwenye maneno "unijalie kusema kweli," aliyaruka na kurudi kwenye mvua.

Siku ya ukaguzi wakulima wote wa majaribio walikusanyika shambani kwa mzee. Mashamba waliyotoka kuyaona yalikuwa ya kijani pamoja na ukame wote ule. Hili lilikuwa fupi na limekunjamana.

"Mzee Nadhifu!" aliita jirani yake, ambaye kwa maneno mengi alipewa jina la Redio. "Mahindi yako umeyavalisha joho? Yanahitimu lini?"

Watu walicheka. Mzee naye alicheka, akachelewa kuacha.

Mkuu wa utafiti aling'oa mche mmoja, akaikung'uta mizizi, akaitazama. Hakuwa na mzaha tena.

"Udongo tuliupima, ni mzuri. Mzee wangu, mbolea ya kukuzia tuliyokuletea uliiweka huku, au ilikwenda kwenye bustani ya mboga?"

"Niliiweka huku."

"Ulipalilia kwa wakati?"

"Nilipalilia."

"Mbona haya yanasema hapana?" Alishusha pumzi. "Samahani, baba. Shamba hili tunalitoa kwenye majaribio. Na nitasema wazi mbele ya wenzako, ili wasiiogope mbegu. Kosa ni la mkulima. Hakufuata maelekezo."

Mzee alivua kofia. Alikuwa mtu wa kufagia mpaka njia ya mbele ya nyumba za watu. Mpimaji alingoja ageuke aseme, muulizeni mkwe wangu. Hakugeuka. Alitazama vidole vya miguu yake.

"Huenda nilikosea mahali," alisema mzee. "Semeni hivyo hivyo."

Hapo mpimaji alifahamu kwamba mzee anajua kilichotokana na mfuko ule. Anajua tangu majani yalipobadilika rangi, na amekuja hapa leo, na koti lake, kusimama mbele yake kama ukuta. Ee Mungu, alisema moyoni, na safari hii hakuongeza mvua.

"Sikuchimba," alisema.

"Ati?" aliuliza Redio.

"Udongo nilioupima sikuuchimba hapa. Nililetewa. Niliuona kuwa si wa shamba zima, nikanyamaza. Na uliponiuliza, mama, nilikudanganya."

Mkuu wa utafiti alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. "Wewe? Si wewe unayewafundisha wenzako?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Alitafuta jibu lisilompitia mzee. Hakulipata. "Kosa ni langu, mama."

Redio alirudi nyuma hatua moja, na hilo liliuma kuliko mzaha wake wa joho.

"Hutatoka tena na gari la mashambani," alisema mkuu polepole. "Utaosha chupa za maabara mpaka nikuamini. Lakini leo utachimba. Nauhitaji udongo wa kweli." Akamgeukia mzee, akainamisha kichwa. "Baba, nimekusingizia mbele za watu. Unisamehe."

Watu walielekea shamba la pili wakinong'ona. Mpimaji alibaki na koleo, mzee akachukua ndoo bila kuombwa.

"Ungenyamaza tu, mwanangu," alisema. "Mimi mzee. Aibu yangu haina safari ndefu."

"Nimekuaibisha, Baba."

"Tumeaibishana." Alikohoa. "Niliutoa nyuma ya zizi la zamani. Sikutaka waseme mkwe wako analima mawe."

Walitembea wakikata kona. Mpimaji alichimba kwenye tuta, akachimba bondeni, akapanda mteremkoni. Alipoinua koleo, mzee alisema haraka, "Hapo hapana, hapo pabaya!"

Wote wawili walisimama. Mzee aligeuza uso, kama mtu ambaye mgeni wake amefungua mlango wa chumba kisichofagiliwa.

"Chimba," alisema. "Chimba hapo hapo."

Koleo liligonga, likakwaruza, likatoka na udongo mwekundu wenye kokoto. Mpimaji aliumwaga kwenye ndoo jinsi ulivyo. Mzee aliinama akaokota jiwe moja, kwa mazoea tu, akalifuta vumbi kwa kidole gumba. Kisha akalirudisha ndani.