Ripoti za Bwana Nukta

Katika kiwanda kile cha magodoro, mkaguzi walimwita Bwana Nukta. Walimbandika jina hilo kwa utani, mwenyewe akalipokea kama cheo. Kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza hakikumtoka kwapani. Akila anasoma, akingoja sponji ipoe anasoma, na akikuta nukta mkato imekaa mahali pake hucheka peke yake kama aliyepigiwa simu na mchumba. Hapo simlaumu hata kidogo. Mtu akipenda kitu, na apende.

Ubaya wake ulikuwa mdomo. Kila Ijumaa, saa ya chakula, alisimama kwenye ubao wa matangazo, akachukua barua ya mtu yeyote, ya kuomba ruhusa au ya kuomba buti mpya, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu huku watu wanasikiliza. "Hakuna mkato hapa. Msomaji apumulie wapi?" Watu wakacheka, mwenye barua akatazama viatu vyake. Aliyeonewa zaidi ni dada wa chapa, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliyechapa ripoti zote za ofisi. Siku moja Nukta alimwambia mbele ya wapakiaji, "Dada, wewe Mungu amekupa vidole. Mambo ya kichwa tuachie wenyewe." Dada akatabasamu, akarudi kwenye taipu yake.

Utaratibu ulikuwa hivi: Nukta anaandika ripoti kwa mkono, dada anaichapa, meneja anatia saini, inakwenda makao makuu ng'ambo, ambako hawasomi ila Kiingereza. Mara tatu makao makuu waliandika kuzisifu ripoti hizo. Nukta alizitia sifa zile kwenye fremu, akazitundika sebuleni, na mkewe maskini akawa na kazi ya kuzifuta vumbi.

Kisha ikaja amri ya kupunguza mtu mmoja ofisini. Meneja akamwita Nukta. "Mzee, tukikupa kompyuta uchape mwenyewe, dada wa chapa tutamhitaji?"

Nukta hakuomba hata dakika ya kufikiri. "Yule hunakili tu," akasema. Meneja akaandika jina. Dada mwenyewe alikuwa likizo, hana habari. Akirudi Jumatatu angekabidhiwa barua ya kuachishwa kazi.

Wiki hiyohiyo Nukta akachapa ripoti yake ya kwanza, kwa vidole viwili, akaituma. Alhamisi meneja akamwita tena, akafunga mlango, akauliza kwa upole, "Mzee, unaumwa?"

"Siumwi."

"Nyumbani kwema?"

"Kwema kabisa."

Meneja akamsogezea karatasi. Makao makuu wameirudisha ripoti. Hawakuelewa kama magodoro mia mbili yamepita au yamekataliwa.

"Mashine itakuwa imeniharibia," Nukta akasema. Uongo huo ulimtoka bila haya. Haya ilikuwa njiani inakuja.

Akaenda kwenye kabati la dada kutafuta ripoti ya zamani ya kuiga. Akakuta faili la rasimu zake zote, zile za mkono wake. Kila ukurasa ulikuwa na penseli, herufi ndogondogo: sentensi zimegeuzwa, nyingine zimekatwa vipande, mikato imehamishwa, aya nzima zimeandikwa upya. Pembeni dada alikuwa amejiandikia, kwa Kiswahili, "Sasa inasomeka vizuri." Miaka sita. Nyani haoni kundule, lakini Nukta siku ile alilionyeshwa, tena mchana kweupe. Masikio yalimwaka. Akakaa chini sakafuni na suruali yake ya ofisini, akakumbuka lile neno lake la vidole.

Angeweza kunyamaza. Dada angekwenda zake, lawama ingebaki kwa mashine. Nami sitamficha: siku tatu alilipigia hesabu jambo hilo, na usiku hakupata usingizi. Kwanza aliona aibu ya kujulikana. Iliyofuata ilikuwa nzito zaidi, aibu ya kujijua.

Jumatatu asubuhi akasimama mbele ya meza ya dada, karatasi mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Dada alielewa bila kuuliza ni nini. "Kazi yangu ilikuwa ripoti itoke safi, mzee. Tena ulikuwa unafurahi." "Na mimi nazipenda hizo alama, kama wewe. Sikuwa na mtu wa kuzizungumza naye."

Kati ya meza zao palikuwa na hatua nne tu. Nukta akamweleza yote, mpaka lile la "hunakili tu."

"Jina langu ulilitoa wewe?"

"Nililitoa mimi."

Dada akageuka, akaanza kupanga karatasi zake. Afadhali angemtukana.

Nukta akamwekea karatasi mezani. Ilikuwa barua kwa meneja na makao makuu, kwa Kiingereza, ikieleza nani hasa aliyekuwa akiandika ripoti zile. Barua hiyo ndiyo iliyomrudishia dada kazi yake, nakwambia mapema usije ukahangaika bure. Lakini kwanza ilibidi ichapwe. Dada akaisoma, na kwa mazoea mkono ukafuata penseli. Nukta akafunika karatasi kwa kiganja.

"Usiiguse. Ukiisahihisha hawataamini."

Basi dada akachapa. Wapakiaji wawili walikuwa wamesimama mlangoni, wanasikia kila kitu. Vidole vyake vilikwenda, vikasita, vikaenda, na kila viliposita Nukta alijua pale pana kosa, ila hakujua ni lipi.

"Hapa pia niache?"

"Acha."

"Na hapa?"

"Na hapo."

Barua ilikuwa ya mistari kumi na mmoja. Dada aliuliza mara kumi na tisa.