Waya Ulioshikwa na Nyama

Binti yangu ni fundi umeme, na kifuani ana betri ya moyo. Hilo huwachekesha mafundi wenzake kuliko linavyonichekesha mimi. Aliwekewa akiwa sekondari, kwa sababu mapigo yalikuwa yanalegea mpaka anazimia. Waya mmoja unatoka kwenye betri, upande wa kushoto, unapita ndani ya mshipa na kuingia moyoni.

Mwezi uliopita waya huo ukapasuka. Akazimia juu ya ngazi, kazini, bahati akaangukia rundo la mchanga.

Daktari akatuonyesha picha. Dawa ya kuonyesha mishipa waliyomchoma ilifika karibu na waya, ikasimama. Mshipa umeziba, waya mpya hauna pa kupita.

"Njia ni mbili," akasema. "Tuhamie kulia, huu tuuache humo humo. Au tuuchomoe, tupitishe mpya kwenye tundu lake. Ila umekaa miaka mingi, nyama imeushika. Tukiuvuta, mshipa unaweza kuchanika."

"Kulia," nikasema.

"Uchomoeni," akasema binti yangu.

Nikamgeukia. "We mtoto, una akili?"

"Mama, bomba la nyaya likijaa huendi kubomoa ukuta mwingine. Unavuta waya wa zamani, njia unaipata. Na huu mpya nao utachoka siku moja. Upande wa kulia nitauhitaji nikizeeka."

"Kwanza uzeeke!"

Nikamfuata daktari koridoni. "Andika kulia. Mimi ndiye mama yake."

"Najua, mama. Lakini mgonjwa ni yeye, na ni mtu mzima."

"Umeshachomoa nyingi?"

"Nyingi."

"Kuna aliyekufa?"

Hakukwepa macho yangu. "Yupo mmoja."

Hapo nikaanza kumwamini, na nikachukia kumwamini.

Siku ya upasuaji nilikunja sweta la binti yangu, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilifuta benchi ambalo halikuwa na vumbi. Nilipanga viatu vyake chini, visigino ukutani, kisha nikavirudisha kwenye mfuko kwa sababu sikuweza kuvitazama vikiwa vitupu.

"Mke wangu, utaitoboa hiyo sakafu," mume wangu akasema.

"Wewe kaa, mimi nitembee. Tumegawana kazi."

Mlinzi akanifuata mlangoni. "Mama, umepoteza kitu?"

"Bado," nikamjibu.

Daktari alipotoka sikumtazama usoni. Nilitazama nguo zake, kama zina damu.

"Waya umetoka wote," akasema. "Mpya umepita tundu lile lile. Mshipa haukuchanika."

Mume wangu akaangua kilio kama mtoto aliyenyang'anywa uji. Mimi nikauliza tunaruhusiwa kumwona saa ngapi.

Tulimkuta midomo imemkauka, bandeji kubwa kushoto.

"Waya wangu uko wapi?" Ndiyo salamu yake.

"Wamebaki nao."

"Jamani! Nilitaka kuona ulipasukia wapi."

"Nyamaza. Na huo mkono usiunyanyue."

Nikalivuta shuka kidogo. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, ngozi safi, hata plasta hakuna. Nikauwekea kiganja.

"Huu wameuacha?"

"Wameuacha, mama."

"Haya," nikasema. "Sasa zeeka."