Majivu Juu ya Tufe

"Hili si tufe langu," Theonest alisema. Alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza dirishani penye mwanga. "Langu linang'aa. Hili limepakwa majivu."

Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, kitambaa cha kufutia mikono begani. Nikasema kwa sauti ya mtu asiye na neno moyoni, "Cheza, bwana. Watu wanangoja."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka 1974, katika klabu ya mgodi mmoja wa almasi, nusu siku kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini. Wazungu walioondoka walituachia njia moja ndefu ya mbao, pini kumi za mbao za kusimamisha mwishoni mwake, na matufe manne meusi ya mpira mgumu; kila mchezaji hodari alijichagulia lake. Unabingirisha tufe, pini zinaanguka, watu wanashangilia; mchezo ni huo tu. Lakini sisi wafanyakazi tulipourithi tuliufanya ngoma. Usukumani ngoma haichezwi hivi hivi. Kuna Wagika na kuna Wagalu, kila upande una mganga wake, na anayeshindwa hasemi amezidiwa miguu, husema amezidiwa dawa. Basi na sisi tukagawanyika pande mbili. Theonest, karani wa stoo, alichezea upande mmoja. Mimi, Maulidi, fundi wa karakana, nilichezea upande wa pili. Nilikuwa bingwa miaka miwili mfululizo, na kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba.

Mimi ni mtoto wa mjini, wa Kambarage, na mambo ya dawa nilikuwa nikiyacheka waziwazi. Nilijua siri moja tu, niliyoachiwa na fundi wa Kizungu kabla hajafunga mizigo yake: kila kitu kiko kwenye ngozi ya tufe. Njia ya mbao hupakwa mafuta. Tufe lililong'arishwa huteleza juu ya mafuta yale, na likikaribia pini ndipo hukata kona. Ukilipitishia msasa likakwaruzika, hushika mbao mapema, na kona huja kabla ya wakati wake. Theonest hakuyajua haya kwa maneno, lakini mkono wake uliyajua. Tufe lake liliambaa ukingo wa kulia, karibu litumbukie mferejini pembeni, kisha mwishoni likarudi katikati kama ng'ombe anayelijua zizi lake. Wiki ile ya fainali nilimtazama akifanya mazoezi, nikajua bila kuambiwa na mtu kwamba nimekwisha. Wivu ulinikaba. Sina jina zuri zaidi la kuupa.

Matufe yalifungiwa kabatini, na ufunguo aliushika Paskazia, mjane kutoka Samuye, mfagizi wa klabu. Alikaa na bintiye Klara, wa miaka minane, katika chumba kimoja cha kambi alichopewa kwa sababu ya kazi ile. Siku ya fainali, saa saba mchana, nilimkuta akipiga deki.

"Mama Klara, naomba ufunguo nilifute tufe langu."

"Chukua, baba. Ukimaliza unirudishie mwenyewe, usimpe mtu."

Langu sikuligusa. Nilitoa msasa mfukoni, nikalisugua la Theonest taratibu, pande zote, kwa ustadi ule ule nilioutumia kazini. Weusi ukafifia, ukawa kijivu. Unga ulioanguka niliupuliza chini ya kabati. Kisha nikarudisha ufunguo, nikasema ahsante.

Kwa hiyo Theonest alicheza. Tufe lilikata kona katikati ya njia, likapita kushoto bila kugusa pini hata moja. La pili likafanya vivyo hivyo. Akabadili hatua, akapunguza nguvu, akaongeza, na kila alivyojirekebisha alizidi kuharibu. Nikashinda. Bado niko mabegani mwa watu wangu, nilimsikia Ngassa, mwenyekiti wa wachezaji na mcheza ngoma wa siku nyingi, akisema tufe la Theonest limetiwa dawa.

Likapitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu akayaona majivu. Mafundi wenzangu siku hiyo walikuwa zamu. Mle ndani aliyeijua kazi ya msasa nilikuwa mimi peke yangu.

"Ufunguo anao nani?" Ngassa aliuliza.

Wakamleta Paskazia, ndoo mkononi. Alijibu bila woga. "Ninao mimi. Leo nimempa Maulidi tu. Muulizeni."

Nyuso zote zikanigeukia. Neno moja lingetosha, msasa, na mambo yangeishia pale. Ningenyang'anywa kikombe, ningechekwa mwezi mzima, basi. Nikasema, "Mimi sijachukua ufunguo wowote kwa mama huyu."

Paskazia aliniangalia, kisha akaiangalia ndoo yake. Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kisukuma, "Nogi," yaani mchawi, na neno hilo likamtangulia kufika kwake. Wiki haikuisha. Wanawake wa kambi walikataa kuchota maji bombani baada yake, na chumba akaambiwa akiache. Nilimwona akitoka getini, godoro kichwani, Klara nyuma yake amebeba ndoo ile ile. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya miaka tisa. Mwaka 1983 nilisikia kwamba yuko Nkome, ziwani, anaanika dagaa. Nikadandia lori, na safari nzima nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Nilimkuta mchangani, mvi zimemjaa, akigeuza dagaa kwa ufagio.

"Shikamoo, mama Klara." Sikuwahi kumwamkia hivyo, hatukupishana miaka mingi.

"Marahaba, Maulidi."

Nikasema yote: wivu, ufunguo, msasa. Alisikiliza bila kuacha kufagia.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Ule unga mweusi chini ya kabati niliufagia mimi. Nikasema moyoni, huyu atasema kesho. Ikapita kesho." Akanyoosha mgongo. "Mimi umeshaniambia. Lakini Klara ameposwa mara mbili, na mara mbili wamerudi nyuma wakisema mama yake aliroga watu mgodini. Hajaniuliza hata siku moja kama ni kweli. Anaogopa jibu. Yule pale, anapima. Nenda kamwambie yeye."

Zilikuwa hatua ishirini hivi. Klara alikuwa msichana mrefu, na macho yalikuwa ya mama yake. Wanawake wanne waliokuwa wamemzunguka waligeuka, wakanitazama.

"Karibu, baba. Nikupimie?"

Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka, na maneno niliyoyapanga yalikuwapo yote.

"Nipimie makopo mawili," nikasema.

Alipima. Nyuma yangu ufagio ulikuwa umenyamaza. Sikuthubutu kugeuka, lakini nilijua kwamba Paskazia ameona, na ameelewa.

"Klara," aliita, kwa sauti ile ile aliyonipa nayo ufunguo. "Muongezee. Ametoka mbali."

Klara akachota dagaa kwa viganja viwili, akaniongezea, akafunga fundo la mfuko vizuri lisije likafunguka njiani. Nikapokea, nikasema ahsante.